Redio Iliyoganda Theta

Simu ya Kagwe ililia mpaka ikakatika, mara ya nne sasa, na Baba Cindy alikuwa amesimama mbele ya meza yetu akinitazama mdomoni kana kwamba jibu lingetoka huko.

"Hashiki?"

Nilitikisa kichwa.

"Piga tena. Mwambie ni Calvince wa Noah nyeupe. Mwambie ni mambo ya korti."

Nikapiga tena. Kagwe ndiye mwenye duka letu la redio za magari hapa Ruiru. Siku hiyo alikuwa Murang'a akizika shemeji yake, na duka lilikuwa limebaki nami. Kazi yangu ni kushika tochi, kumenya waya, kufunga skrubu na kufagia. Shule niliachia darasa la sita, na mbele ya wateja maneno hunikwama, kwa hivyo wengi hudhani mimi ni wa kuleta chai.

Baba Cindy, ambaye jina lake ni Calvince, hakuwa mgeni pale. Kila alfajiri alibeba sukuma na nyanya kutoka mashamba ya Theta akawapelekea akina mama wa soko la Githurai 45. Siku sita zilizopita, kabla jua halijatoka, aligongana na mwendesha boda mmoja aitwaye Eddie huko huko Theta. Eddie alikuwa hospitalini, mguu umevunjika sehemu mbili. Gari lake, ile Noah, lilikuwa limezuiliwa kituo cha polisi, upande wa Thika.

"Eddie anasema nilimgonga kutoka nyuma, ati nilikuwa nimelala," alisema. "Mimi nasema alichomoka kwa njia ya kando bila kuangalia. Neno lake, neno langu. Na yeye ndiye yuko na plasta. Wataamini nani?"

"Kamera," nikasema.

"Si ndiyo hiyo nakuambia, yawa! Kamera iliona kila kitu. Lakini redio imekufa. Ukiwasha inaleta ile alama yake, inazunguka, inazunguka, basi. Afande amesema nikimpatia video leo kabla ya saa kumi ataiweka kwa faili. Kesho asubuhi faili inaenda. Nikikosa, Waithira, leseni imeenda, kazi imeenda, na pengine mimi mwenyewe nimeenda ndani."

Kamera yake ni ndogo, imebandikwa kwenye kioo cha mbele. Ingekuwa na kadi yake tungeichomoa tu. Lakini siku ya kuifunga, Baba Cindy alikataa kununua kadi, na Kagwe akaelekeza picha zikae ndani ya redio yenyewe. Video ilikuwa humo, na redio ilikuwa imekataa kuamka.

Simu ikalia. Nyuma ya sauti ya Kagwe watu walikuwa wakiimba wimbo wa mazishi.

"Waithira, ni nini? Niko kaburini," alinong'ona.

Nilimweleza kwa maneno machache. Nikasikia akisogea mbali na waimbaji.

"Hiyo inataka kuwekewa programu upya. Flash iko kwa droo, ile iko na uzi wa buluu. Sikiza vizuri. Ukiichomeka, bonyeza lile tundu la reset na pini. Italeta mistari mitatu. Wa kwanza ni wa kuapdeti, chagua huo. Hiyo mingine inafuta. Ukifuta, video imeenda na hakuna mtu Kenya hii atairudisha. Na ikianza, moto wa betri usikatike, hata nukta moja. Ukikatika katikati, hiyo redio ni ya kutupa."

"Mimi?"

"Kwani hapo kuna nani mwingine? Ngoja... wanashusha sanduku."

Simu ikakatika. Baba Cindy alikuwa tayari ameshika mlango wa duka aufunge.

Tulifika kituoni saa tisa kasorobo, na tukangojeshwa hadi saa tisa na robo. Magari yaliyozuiliwa yalipangwa nyuma ya ofisi, mengine nyasi zimeota mpaka madirishani. Kuku walikuwa wakiingia na kutoka chini ya lori lisilo na magurudumu. Aliyetupeleka kwenye Noah alikuwa sajini mwanamke, mrefu, aitwaye Wilkister, na ufunguo alikuwa ameukunja kiganjani.

"Fundi ako wapi?"

Baba Cindy akanionyesha kwa kidevu. Afande akatazama nyuma yangu, akidhani kuna mtu mwingine anakuja.

"Huyu?"

"Huyu, madam."

"Mbona haongei?"

"Huongea na waya, madam. Sisi wengine hatuna kitu ya maana ya kumwambia."

Afande hakucheka. "Nisikizeni. Hii gari haijakaguliwa breki. Injini isiwashwe, hata kidogo. Mnaweka ufunguo mahali pa redio, mnatoa hiyo video, mnazima. Saa kumi natoka kazini, na nikitoka nimetoka na ufunguo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, madam."

Akampa ufunguo, kisha akaketi kwenye kiti cha plastiki kivulini, hatua kumi hivi kutoka kwetu, akafungua faili mapajani.

Ndani ya gari mlikuwa na harufu ya nyanya zilizooza. Kioo cha mbele kilikuwa na ufa mmoja mrefu, na kamera ilikuwa bado imeshika pale pale. Nilikaa upande wa abiria. Baba Cindy alikaa kwa usukani na kuzungusha ufunguo kidogo. Redio ikawaka, ikaleta alama yake, alama ikaanza kuzunguka.

"Unaona? Wiki nzima ni hiyo tu."

Nilikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Redio ya gari ina waya mbili za moto. Wa njano hutoka moja kwa moja kwenye betri na haukatiki hata gari likizimwa. Huo ndio huipa redio nafasi ya kumaliza kazi zake polepole kabla ya kulala. Mwekundu hufuata ufunguo. Sisi dukani huzisokota zote mbili pamoja zifuate ufunguo. Kagwe alianza kufanya hivyo kwa sababu wateja walikuwa wakirudi asubuhi wakiwa na hasira kwamba redio yake imenyonya betri. Tulipoanza kuzisokota, hasira ziliisha. Lakini kila mara dereva akizima gari, hata akipiga stata tu, redio hukatwa ghafla, kama mtu anayenyang'anywa sahani tonge likiwa bado mdomoni. Baada ya miezi michache huanza kuganda. Nilikuwa nimeziona zikirudi, moja leo, nyingine mwezi ujao. Nikanyamaza. Ningeanzia wapi kumwambia Kagwe?

Na waya za Noah hii nilizisokota mimi, kwa koleo, Kagwe akinishikia tochi.

Kwa hivyo ufunguo ule ukirudi nyuma, au mtu akijaribu kuwasha injini, moto ungekatika. Kutoa dashibodi na kuzitenganisha kungechukua zaidi ya saa nzima. Simu yangu ilisema saa tisa na dakika ishirini na mbili.

"Baba Cindy," nilisema. "Usiguse ufunguo. Chochote kitakachotokea."

"Sigusi."

"Hata injini."

"Si nimesikia afande? Fanya kazi, msichana."

Nikachomeka flash. Nikatoa pini nywelani, nikaiingiza kwenye tundu dogo la pembeni nikahesabu mpaka kumi. Kioo cha redio kikawa cheusi. Baba Cindy akavuta pumzi kwa meno. Kisha mistari ikatokea, midogo, myeupe, ya Kiingereza.

Ilikuwa minne.

Nikaihesabu tena kwa kidole. Kagwe alisema mitatu. Nikapiga picha nikamtumia. Ikakaa na tiki moja ya kijivu. Nikampigia, na yule mwanamke wa mtandao akaniambia mteja hapatikani.

"Soma basi," Baba Cindy alisema.

"Soma wewe."

"Miwani ya kusomea niliwacha nyumbani Mwihoko. Hapo mimi naona siafu tu."

Nikamtazama afande kupitia dirishani. Baba Cindy akaona nilipotazama.

"Wee! Usithubutu. Ukimwita akusomee atajua hujui, atatufukuza saa hii. Kagwe alisema ya kwanza. Bonyeza ya kwanza."

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Redio ile huongozwa na vitufe viwili vya pembeni: kimoja cha kushuka mstari, kingine cha kukubali. Mstari wa kwanza ulikuwa umeshawekewa rangi, unangoja kukubaliwa tu.

"Waithira. Saa inaenda."

Nikainama karibu na kioo nikasoma herufi moja moja, kama nilivyosoma shuleni mwalimu akinisimamia, sikio likiwaka moto. Neno la kwanza la mstari wa kwanza sikuwahi kulisoma popote. Nikalitamka kimya kimya, mara mbili, mara tatu. Waip. Waip. Ni kile kitu kinachopangusa kioo cha gari mvua ikinyesha. Mkono wa waipa unapita, na kilichokuwepo hakipo tena.

Nikaondoa kidole haraka kama niliyegusa jiko.

"Ni nini?"

"Huu wa kwanza ndio wa kufuta."

"Kagwe alisema..."

"Kagwe alisema mitatu. Hii ni minne. Si redio kama zile zingine, ni sura tu imefanana."

Alinitazama. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Nikashuka mstari. Wa pili ulianza na neno lile lile la waipa. Wa tatu ulikuwa na neno "update," na hilo nililijua, kwa sababu simu yangu huniletea kila wiki nami huliondoa ili lisile bando. Wa nne sikuuelewa kabisa. Nikarudi kwenye wa tatu. Nikabonyeza cha kukubali, nikafunga macho.

"Imeleta laini," Baba Cindy akanong'ona. "Kuna laini ya kijani. Asilimia mbili."

Nikafungua macho. Tatu. Nne.

Nilikuwa nikitazama namba, yeye akinitazama mimi. Ishirini. Thelathini na moja. Kuku mmoja akapanda juu ya boneti, Baba Cindy akamfukuza kwa kugonga kioo, nami nikashtuka. Afande alipindua ukurasa. Saa ilikuwa tisa na dakika thelathini na nane.

Kwenye asilimia hamsini na nane kioo kilififia.

Kilirudi. Kikafifia tena, zaidi.

"Ni betri," Baba Cindy alisema. "Gari imekaa siku sita. Betri imeisha. Inakufa, Waithira, inakufa!" Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo. "Niwashe injini dakika moja tu ichaji, afande hata hatasikia..."

Sijui nilivyofika. Najua tu kwamba nilikuwa nimeushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, na goti langu lilikuwa limegonga gia, na kwamba nilikuwa nikisema hapana, hapana, hapana, karibu na sikio lake. Alikuwa na nguvu kunizidi mara tatu. Angetaka angenisukuma.

"Ukipiga stata moto unakatika," nilisema. "Waya zimeunganishwa pamoja. Itakatika yote."

"Nani aliunganisha hivyo?"

"Achilia kwanza ufunguo."

Aliachilia. Akaweka mikono kichwani.

Asilimia sitini na moja. Namba ilisimama hapo. Nikajiuliza ni nini kingine kinachokula moto ndani ya gari hili. Mlango wangu haukuwa umefungwa vizuri na taa ya ndani ilikuwa inawaka, nikauvuta. Bado namba ilisimama pale pale. Kisha nikakumbuka spika kubwa ya Baba Cindy, ile ambayo akina mama wa soko husema huwatikisia nyanya. Spika kama ile ina amplifaya, na amplifaya huamka redio ikiamka. Yake tuliifunga chini ya kiti cha abiria, kiti nilichokuwa nimekalia.

Nikapiga magoti kwenye sakafu. Kulikuwa na matope, gazeti, majani makavu ya sukuma. Taa nyekundu ya amplifaya ilikuwa inawaka humo gizani, nayo ilikuwa moto kama birika. Nilitafuta fyuzi kwa vidole. Ya kwanza niliyoigusa haikuwa yenyewe. Nilipoipata ilikataa kutoka. Nikaivuta kwa kucha mpaka kucha ikapinduka, ikatoka.

"Imerudi!" Baba Cindy alisema juu yangu. "Taa imerudi. Sitini na mbili. Sitini na tano. Nyasaye!"

Nilibaki pale chini nikinyonya kidole. Sikutaka kuinuka.

Ilifika mia saa tisa na dakika hamsini. Redio ikazima yenyewe, ikawaka. Alama ikaja. Ikazunguka mara moja, mara mbili, mara tatu, na nilikuwa nimeshaanza kuomba kwa Kikuyu, kisha ikafunguka, na kioo kikajaa maandishi ya Kichina.

"Imekuwa Mchina!" Baba Cindy alilia. "Waithira, sasa huyu tutaongea naye aje?"

Hilo halikunisumbua. Maandishi ya redio sijawahi kuyafuata. Mimi hufuata picha na mahali. Kamera ni ya pili kutoka kulia, safu ya chini. Faili zake ziko nyuma ya kijisanduku cha manjano. Nikaingia. Faili zilikuwa nyingi, kila moja ya dakika moja, zimeandikwa tarehe na saa kwa namba, na namba ni zile zile kila mahali. Nikashuka mpaka siku ile, saa kumi na moja na dakika arobaini na moja asubuhi.

"Hiyo," alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Fungua."

Afande alikuwa amesimama mbali kidogo akiongea na simu, ametupa mgongo. Nikafungua.

Barabara ya murram, giza, taa za Noah zikimulika mashimo. Wimbo ulikuwa ukicheza ndani ya gari. Kisha wimbo ukakwama mahali pamoja, neno moja likijirudia, na sauti ya Baba Cindy ikasema, "Ah! Imeganda tena hii takataka." Halafu zikasikika ngoo, ngoo, ngoo, za kucha juu ya kioo cha redio. Nilihesabu. Sekunde nne, pengine tano. Ngoo, ngoo. Kushoto, kwenye njia ya kando, taa moja ilikuwa inakuja, tena ilionekana mapema, ikiwaka wazi kati ya migomba. Boda ikaingia barabarani bila kusimama. Noah haikupunguza mwendo hata kidogo. Kishindo. Ufa ukakata picha katikati.

Sikumtazama Baba Cindy. Alikuwa amesema kweli. Eddie alichomoka bila kusimama. Lakini taa ile mtu aliyekuwa akitazama barabara angeiona.

"Zima sauti," Baba Cindy alisema.

"Nini?"

"Afande anakuja. Zima sauti."

Nikaizima. Mtu mkubwa akiniambia fanya, mimi hufanya. Mkono hutangulia kabla sijafikiri. Kidole changu kilichotoka damu kiliacha alama kwenye kioo.

Afande Wilkister aliingiza kichwa dirishani. Nikaicheza tena, kimya. Aliitazama mara moja, akaniambia nirudishe, akaitazama tena huku amekunja uso.

"Huyu kijana hakusimama kabisa," alisema.

"Si ndiyo nimesema siku sita, madam!"

"Haina sauti?"

"Hizi za Mchina hazina, madam," Baba Cindy alisema. Alilisema bila kusita, kwa kicheko kidogo cha kuchoka.

"Basi. Nikopieni kwa flash, niiandikie maelezo kabla sijatoka." Akanyoosha mgongo. "Mama yake Eddie yuko pale mbele tangu asubuhi. Anasema ati mtoto alikuwa njia yake, akapigwa na mtu amelala. Wacha nikamwambie ukweli, arudi nyumbani aache kusumbua watu. Mtoto wake alijivunja mguu mwenyewe."

Akaanza kwenda. Kutoka pale niliweza kuona kona ya ofisi, na benchi, na mwanamke mwenye lesso aliyeketi na chupa ya chai kando yake. Sikuwa nimemwona tulipoingia.

Nikasema, "Afande."

Haikutoka. Ilikuwa pumzi tu. Baba Cindy peke yake ndiye aliyesikia, na akageuza shingo kwangu polepole.

"Waithira," alisema kwa chini. "Niko na watoto watatu."

Nilijua. Cindy mwenyewe nilimjua, alikuwa akija dukani na daftari lake.

"Afande!"

Kuku wakatawanyika. Hata mimi nilishtuka. Sikujua ninayo sauti kubwa hivyo. Afande akasimama.

"Iko na sauti," nilisema. "Niliizima mimi."

Alirudi bila haraka. Aliingiza kichwa dirishani tena na kungoja. Nikarudisha video mwanzo, nikapandisha sauti. Wimbo. Wimbo ukakwama. Hii takataka. Ngoo, ngoo, ngoo. Kishindo. Na kwa sababu sikubonyeza chochote, video iliendelea, ikaingia ile ya dakika iliyofuata: mlango unafunguliwa, mtu anapiga mayowe anamwita mama yake, na sauti ya Baba Cindy, mbali, nje, inasema, "Usisonge mguu. Angalia mimi, omera, ndugu yangu. Niko hapa. Siendi mahali." Akalirudia hilo la siendi mahali mara nyingi, mpaka faili ikaisha.

Baba Cindy alikuwa ameweka paji la uso kwenye usukani.

"Ulikuwa unagonga nini?" afande akamuuliza.

"Ni redio," nikasema. "Ilikuwa ikiganda. Niliifunga mimi, na niliifunga vibaya. Waya mbili ambazo..."

"Wewe msichana, kufunga redio vibaya si kosa la barabara. Kuiangalia ukiendesha ndiyo kosa." Akamgeukia Baba Cindy. "Na kuniambia haina sauti. Hiyo tutaiongea sisi wawili, Calvince. Nikopie zote mbili, hii na ile ya pili. Zote naandika."

Afande alitoka kituoni saa kumi na nusu siku hiyo, si saa kumi. Aliandika polepole, akimuuliza Baba Cindy swali baada ya swali, naye akajibu yote akitazama sakafu. Mwishoni afande alifunga faili akamwambia kortini ataenda, hilo halikwepeki, ila hataenda kama mtu aliyelala akagonga mtu kutoka nyuma. Wataenda wawili, yeye na Eddie, kila mmoja na kosa lake, na hakimu atapima. Kuhusu leseni, hakuwa na la kumwambia.

Tulitoka nje. Nilitembea hatua mbili nyuma ya Baba Cindy, nikingoja.

Alisimama. "Kagwe ananiambia kila siku, huyu Waithira ni mtu wa kunyamaza. Hata ukimkanyaga hasemi. Miaka miwili nakuja kwa hiyo duka, sijui kama nimesikia maneno ishirini." Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ishirini, Waithira. Na leo ndiyo umeamua kuongea?"

Niliangalia kidole changu chenye damu.

"Nikifungwa utaenda umwambie Cindy wewe. Kwa hiyo sauti yako mpya."

"Nitaenda," nilisema.

Alinitazama muda mrefu, kama anayetaka kucheka na anayetaka kunipiga kofi. Kisha akapangusa uso wote kwa mkono wa shati na kutazama upande wa benchi. Yule mama alikuwa anajikusanya. Afande alikuwa hajafika kumwambia lolote. Alikuwa bado ndani akitafuta muhuri.

"Nenda Ruiru," Baba Cindy aliniambia. "Nenda, usinisubiri."

Sikwenda. Nilimwona akivuka uwanja, akipunguza mwendo alipokaribia, akisimama mbele ya mama yule mikono ikining'inia tu. Alisema jambo nisilolisikia. Mama akamtazama toka viatuni hadi usoni. Hakumpa mkono. Baada ya muda aliinua chupa ya chai kutoka kwenye benchi, akaiweka chini, na Baba Cindy akakaa pale ilipokuwa.